Milisekunde Sita

Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umefurika, na mtandao ulikuwa umekata. Watu mia mbili na ushee walikaa kwenye viti vya plastiki wakijipepea kwa fomu zao, na karani wa dirisha la tatu alikuwa ameshasema "subirini kidogo" mpaka hakuna aliyemsikiliza tena. Ndipo fundi akaingia. Kijana mrefu, ovaroli la buluu, waya umezungushwa begani, bisibisi mdomoni. Ukumbi mzima ukamgeukia kana kwamba yeye ndiye aliyeukata huo mtandao.

"Wewe! Tangu asubuhi tuko hapa!"

"Fundi, leo hutoki mlango huo bila kurekebisha!"

Fundi akacheka, akapiga magoti chini ya kaunta, akaanza kuvuta nyaya. Safu ya mbele alikaa msichana mwenye gauni la njano, nywele amezisuka mistari, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua. Hakuwa akimlalamikia mtu. Alikuwa anaangalia simu yake na kuhesabu kimyakimya.

"Waya hauna kosa," akasema.

Fundi akachomoza kichwa. "Samahani?"

"Nimesema waya hauna kosa. Tangu saa tatu nabisha hodi kwenye mashine yenu. Hodi inafika, inajibiwa kwa milisekunde mbili. Ikitoka nje ya jengo ndiyo inapotea. Kaangalie kile kisanduku cha juu ya paa."

"Dada, kwani wewe ni nani?"

"Namba mia na arobaini. Nataka kitambulisho changu."

Watu wakaangua kicheko. Fundi akapanda juu ya paa akinung'unika, akarudi baada ya dakika kumi amejaa vumbi mabegani, na mtandao ukarudi naye. Ukumbi ukapiga makofi. Yeye hakumtazama mtu mwingine, alikwenda moja kwa moja kwa yule wa gauni la njano.

"Nipe namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Siku mtandao ukikata tena, nikuite wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti nisubiri."

Akampa. Jamani, mambo mengine hayahitaji siku tatu za kufikiria.

Msichana huyo alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, na wenzake wa maabara walimbandika jina la Sekunde, kwa sababu hakuna kitu alichoweza kukiacha bila kukipima muda: chai kuchemka, lifti kupanda, mtu kujibu swali. Kazi yake ilikuwa hii. Kuna programu ambazo hazina mkubwa. Kompyuta laki moja za watu wa kawaida zinapeana mafaili zenyewe kwa zenyewe, hii inaiuliza jirani yake, jirani anaiuliza nyingine. Ukitaka kujua kama programu ya namna hiyo itasimama au itaanguka, huwezi kuwaomba watu laki moja wakae tayari wakusubiri. Unatengeneza kompyuta laki moja za bandia ndani ya mashine moja, unaziacha ziongee. Lakini zikiongea papo kwa papo umejidanganya, maana duniani ujumbe unachelewa. Wa mtaa wa pili unachelewa kidogo, wa ng'ambo ya bahari unachelewa sana, na wote unayumba, leo hivi kesho vile. Sekunde alikuwa anatengeneza modeli ya huko kuchelewa.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuchelewesha watu," Fundi alimwambia siku ya pili kukutana, wakinywa soda nje ya maabara.

"Kuchelewesha kwa usahihi."

"Na wanakupa shahada kwa hilo? Basi yule karani wa dirisha la tatu angekuwa profesa."

Sekunde alicheka mpaka soda ikampalia. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Fundi alikuja maabara kila alipopata upenyo, ovaroli na mavumbi yake, akakaa kumtazama mpenzi wake akigombana na namba. Ni yeye aliyemuuliza swali lililoibadilisha kazi yote.

"Mbona mtandao wako hauna jioni?"

"Jioni ya nini?"

"Njoo kazini kwetu saa moja jioni uone. Watu wote wamerudi nyumbani, wote wamefungua video. Kila kitu kinakwenda kwa kujikokota, na simu za malalamiko hazikatiki."

Sekunde akamkumbatia mbele za watu. Akaingiza foleni ya jioni kwenye modeli, kwa kompyuta zote laki moja, na nakala akampa Fundi kwenye flashi kama zawadi. Lilikuwa wazo zuri kabisa, na ndani yake mlikuwa na kosa ambalo hakuna kati yao aliyeliona, kwa kuwa wote wawili walizaliwa na kukulia mji huohuo mmoja.

Mwaka haukuisha, Fundi akapata mkataba wa kazi wa miaka miwili ng'ambo. Loo, furaha iliyokuwepo! Uwanja wa ndege walikwenda watu thelathini. Mjomba wake alitoa hotuba pale pale kwenye mizani ya mabegi, mpaka walinzi wakaja kumwomba apunguze sauti. Wafanyakazi wenzake walimnunulia koti zito la manyoya. Sekunde alivaa gauni jeupe la maua, macho mekundu, akampa Fundi programu ndogo ya kupimia.

"Iwashe ukifika, iache ibishe hodi kwangu kila dakika. Vipimo vyangu vyote ni vya huku huku. Sina hata nukta moja ya kipimo ng'ambo ya bahari, na bila hiyo siwezi kusimama mbele ya jopo la watahini. Wewe ndiye nukta yangu."

"Nitakuwa nukta yako, mpenzi. Tena nukta nene."

Siku mbili baadaye simu ikaita, na picha ya Fundi ikatokea kwenye kompyuta akiwa na koti lake, ukuta mweupe nyuma yake.

"Hallo, nukta wangu!"

Kimya kidogo, ule wa kuvuka bahari. "Hallo, Sekunde wangu."

"Ulisema baridi, mbona jasho linakutiririka?"

Kimya kidogo. "Hita, mpenzi. Wenyeji wa huku wanawasha hita kana kwamba wanaoka mikate."

"Si uvue koti basi!"

Kimya. "Nikivua nitapata mafua."

Hivyo ndivyo walivyoishi miezi mitatu. Walitaniana, walinuniana, waliombana radhi, na kila neno lilifika limechelewa robo ya sekunde. Sekunde alikipenda hata hicho kimya. Alisema kinampa muda wa kumtazama. Na vipimo vilikuwa vinamiminika, kutwa kucha, maelfu kwa maelfu. Siku alipovichora, mstari mwekundu wa modeli na mstari wa buluu wa vipimo vya Fundi, ule wa buluu uliufunika mwekundu kama shuka lililotandikwa vizuri. Alimpigia palepale, analia.

"Umenithibitisha! Miaka minne, mpenzi! Mistari imelaliana, haipishani hata unywele!"

Siku hiyo kimya cha Fundi kilikuwa kirefu kuliko bahari yoyote. "Hongera," akasema. "Unastahili."

Jumatatu, siku tatu kabla ya kusimama mbele ya jopo, Sekunde alimpelekea mchoro mwalimu wake, mama mfupi asiyecheka ovyo. Mwalimu aliutazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Imependeza mno."

"Asante, Mwalimu."

"Sikusifii, mwanangu. Nimesema imependeza mno. Vitu vinavyotoka duniani havinyooki hivi. Na hiki kilima cha saa moja jioni ni nini?"

"Ni foleni ya jioni. Watu wamerudi nyumbani, wanafungua video."

"Saa moja jioni ya wapi?"

Sekunde akauinamia mchoro upya.

"Sisi tukiwa saa moja jioni," Mwalimu akaendelea polepole, "kule ni saa saba mchana. Nani kule amerudi nyumbani saa saba mchana? Na hapa chuoni saa hiyo hakuna mtu, kuna mlinzi na paka. Modeli yako imekosea, hilo linarekebishika. Mimi nashangaa kitu kimoja tu. Vipimo halisi vimewezaje kukosea kosa hilohilo?"

Sekunde alirudi maabara. Akafunga mlango. Modeli yake ilikuwa inachagua kuyumba kwa kupiga kura, kama mtu anayeokota karatasi kwenye kofia, na kura zote zilianzia kwenye namba moja aliyoiweka yeye, tarehe ya siku ile ya ukumbi wa vitambulisho. Ukianza na namba ileile, kura zinatoka zilezile, kwa mpangilio uleule. Akaiwasha. Akaziweka kura zake pembeni ya vipimo vya Fundi, akatoa hizi kwenye vile, moja moja.

Ikabaki sita. Sita. Sita. Saba. Sita. Sita.

Mama yangu! Alishika meza kwa mikono miwili. Akahesabu upya, akijiombea awe amekosea. Sita, mpaka chini kabisa ya ukurasa. Bahari haivukwi kwa milisekunde sita, hata mwanga wenyewe hauwezi. Milisekunde sita ni mji huu. Ni kupanda gari ukashuka. Mtu aliyemlilia uwanja wa ndege, anayemuaga kila siku kwa kumbusu kioo cha kompyuta, alikuwa mtaani hapa hapa akivaa koti la manyoya kwenye joto. Na kwa nini mwanaume ajifiche miezi mitatu, kama hajafichwa na mwanamke mwingine? Sekunde aliwaza hivyo, na wivu ukamshika.

Akapiga simu.

"Hallo, nukta. Uko wapi?"

Kimya kile. "Kazini, mpenzi. Leo theluji imeanguka, hujaona kitu..."

"Namba ya kuanzia kura ni ileile niliyoiweka mimi. Umeshindwa hata kuibadilisha?"

Kimya. Kimya zaidi.

"Nimetoa kuchelewa kwangu kwenye kuchelewa kwako, ikabaki milisekunde sita. Nakuuliza mara ya mwisho. Uko wapi?"

Kitufe kikabonyezwa mahali fulani. "Niko kwa shangazi," akasema Fundi, na sauti ikaja palepale, hata Sekunde hajafunga mdomo, karibu kama mtu aliyekaa naye kiti kimoja. Miezi mitatu hakuwa ameisikia sauti hiyo bila bahari katikati. Alishtuka akaidondosha simu.

Shangazi alikuwa mshonaji, anaishi nyuma ya stendi ya malori. Alifungua mlango futi ya kitambaa ikining'inia shingoni.

"Wewe ndiye Sekunde? Karibu, mwanangu, ingia. Mimi kompyuta sizijui, lakini uongo naujua, na nimeshamwambia nimechoka kuufugia nyumbani."

Sekunde aliingia akitafuta mwanamke. Aliona cherehani, marobota ya vitambaa, na chumba kidogo cha nyuma chenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Koti la manyoya lilitundikwa mlangoni. Fundi alisimama katikati, fulana imemganda mwilini.

"Walinirudisha," akasema. "Kampuni ilivunjwa nikiwa bado hewani. Pale kaunta ya uhamiaji wakapiga simu kwa kampuni, hakuna wa kupokea. Nilikaa kwenye benchi kutwa nzima, nikapandishwa ndege ileile. Ulikuwa umelia, Sekunde. Mjomba ametoa hotuba. Ningerudije keshokutwa yake na begi lilelile?"

"Ungerudi na begi lilelile, uje kwangu!"

"Nilijua ukinipima tu utaniona. Nikaifunika anwani yangu, nikaiweka modeli yako katikati ichelewesha kila kitu, hodi na sauti yangu, kana kwamba vimevuka bahari. Nikasema siku mbili tatu hivi nitakuambia. Halafu ukafurahi."

"Na vipimo vyangu? Ulijua vinakwenda wapi!"

Fundi akamtazama kwa macho ya mtu asiyeelewa kosa lake liko wapi hasa. "Nilidhani ni kitu kilekile. Modeli yako ni sahihi, mimi sijawahi kuitilia shaka hata siku moja. Namba za kutoka ng'ambo zingekuwa hizohizo tu. Ndiyo maana sikuona kama nakuharibia."

Sekunde alikuwa amejiandaa kukuta usaliti. Hakuwa amejiandaa kukuta hili.

"Umenipima kwa rula yangu mwenyewe," akasema. "Dunia nzima inanitilia shaka, wewe peke yako umeniamini, na wewe ndiye umenimaliza. Alhamisi nasimama mbele ya jopo. Nitawaonyesha nini?"

Hakusubiri jibu. Shangazi alimwita mlangoni anywe japo maji, hakugeuka. Kesho yake Fundi alipiga simu mara kumi na tisa. Hakuna iliyopokelewa.

Alhamisi Sekunde alivaa suti ya kijivu na viatu vya kisigino kifupi, uso hauna rangi. Ukumbi mdogo ulijaa wanafunzi na walimu. Alieleza modeli yake vizuri, nukta kwa nukta, mpaka alipofika kwenye mchoro wa tano, ule wa mistari miwili.

"Mchoro huu nimeuondoa. Vipimo vyake havikutoka ng'ambo. Vimetoka kwenye modeli yangu mwenyewe."

Mwenyekiti wa jopo akaweka kalamu chini. "Yaani vilitungwa?"

Pale chuoni mtu aliyetunga vipimo hafeli. Anafukuzwa, na hakuna chuo kingine kitakachompokea. Sekunde alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Alifikiria kumtaja Fundi, akaona aibu ya kumtaja.

"Vilitungwa, ndiyo," sauti ikasema kutoka nyuma. "Nilivitunga mimi. Yeye hakujua."

Watu wakageuka. Alisimama mlangoni, ovaroli la buluu, flashi mkononi, na mfukoni simu inanguruma bila kukoma. Msomaji, ile simu ilikuwa na sababu. Nusu saa kabla, Fundi alikuwa ametuma ujumbe kwenye kundi la ukoo lenye watu sitini na wanne: *Nilirudishwa siku ileile. Niko kwa shangazi miezi mitatu. Nisameheni.* Aibu aliyoikimbia kwa koti na shuka, aliitandika mwenyewe mbele ya wajomba zake wote, kisha akaja kuitandika tena mbele ya maprofesa. Alieleza yote. Flashi akaiweka mezani. Alipoulizwa sababu, alisema, "Nilimpenda na niliona haya," basi.

Jopo lilijifungia saa nzima. Lilipotoka, uamuzi ulikuwa miezi sita: arekebishe jioni za dunia, apime upya kwa mashine za kweli, arudi. Mwalimu alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani ng'ambo, angezifunga hizo mashine. Hakuna aliyepiga makofi, ila Sekunde alivuta pumzi ya kwanza tangu Jumatatu.

Kwenye korido Fundi alikuwa ameegemea ukuta, simu bado inanguruma.

"Mjomba anasema nini?" Sekunde akauliza.

"Sijathubutu kuangalia. Umenisamehe?"

"Nina hasira nawe mpaka masikio yanauma."

"Haki yako."

"Jumamosi njoo nyumbani. Mama anajua uko ng'ambo. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Fundi alibadilika rangi. Jopo zima la maprofesa halikumtisha hivyo. "Mama yako? Sekunde, nihurumie!"

"Saa kumi. Usichelewe."

Jumamosi saa kumi kasorobo alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka linakata, viatu vinang'aa. Mama yake Sekunde alikaa sebuleni anakunja nguo zilizokauka. Alipokea shikamoo, akamwonyesha kiti. Fundi hakukaa. Alisema yote kwa pumzi moja, kuanzia benchi la uwanja wa ndege mpaka shuka la ukutani, akamaliza macho yamelenga zulia.

Mama akakunja fulana, akaiweka juu ya nyingine.

"Najua," akasema.

"Mama?" Sekunde akaruka.

"Nilimwona sokoni, wiki ya pili tu baada ya kuagwa. Kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, anachagua vitunguu."

Fundi akakaa bila kuambiwa. Sekunde alisimama, mikono kichwani. "Miezi mitatu, Mama! Umeniacha nabusu kompyuta miezi mitatu, na wewe unajua?"

"Hayo ya vipimo sikuyajua, mwanangu, nisamehe. Ningejua ningesema. Lakini haya mengine ningekuambia, ungemwacha siku hiyohiyo." Akachukua shuka, akampa Sekunde ncha mbili wasaidiane kulikunja. "Mwanaume anayejificha si ajabu, wamejaa. Nilitaka kuona kama huyu atatoka mwenyewe, kwa miguu yake. Baba yako mpaka leo hajatoka."

Sekunde alishika ncha zake akashindwa kusogea. Mama hakuwa amemtaja baba ndani ya nyumba ile tangu yeye yuko darasa la pili. Machozi yakamdondoka juu ya shuka, na Fundi akanyanyuka, akazichukua zile ncha mikononi mwake, akamalizia kukunja.

Mama akalipokea shuka, akalitazama lilivyokunjwa, akatikisa kichwa.

"Vibaya, lakini litakaa. Haya, mnaoana lini?"

"Hata kesho, Mama," Fundi akajibu.

"Kesho hapana," akasema Sekunde, anacheka na kulia kwa pamoja. "Kesho bado nitakuwa na hasira. Keshokutwa."